Enzi za studio kubwa Hollywood, kumbi za miji midogo zilikuwa zinajazaje viti?

mkazi_wa_ilala:
Wakuu habari zenu, wenye kujua historia ya filamu naomba msaada. Nasoma kuhusu Marekani miaka ya 1930, naona MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO walikuwa wanatengeneza filamu na kumbi kubwa za mijini zao wenyewe. Sasa yule mwenye kaukumbi kake kamoja huko Nebraska alikuwa anavutaje watu? Na habari za filamu mpya alizipata wapi?

kiti_cha_nyuma:
Mkuu matangazo yalikuwa yanashushwa toka studio. Anatumiwa kitabu kizima, ndani kuna matangazo ya gazetini saizi zote, stori zimeshaandikwa mhariri wa pale mjini anabandika tu kama zake, na vituko vya kufanya mtaani, mf. mtu avalishwe kama jambazi wa kwenye filamu azungushwe mjini. Ila filamu yenyewe sasa hachagui. Ukitaka ile ya staa mkubwa unabebeshwa na zingine kibao, nyingine hata hazijatengenezwa. Mchezo huo Mahakama ya Juu ilikuja kuupiga chini 1948 kwenye kesi ya Paramount.

mama_tiketi:
Ndo maana uchumi ulipoanguka wengi wakaacha kuuza filamu wakauza zawadi 😂 Kulikuwa na usiku wa vyombo, mama akikata tiketi anapewa sahani, wiki ijayo kikombe, na seti haitimii mpaka uje kila wiki hata picha iwe mbovu vipi. Halafu Bank Night ya yule Charles Yaeger wa Colorado: unaandika jina kwenye daftari, siku ya droo linachomolewa moja, kama haupo hela inalala inaongezeka. Kuandika jina bure, na kusimama nje bila tiketi ruksa, ili isihesabike bahati nasibu maana sheria ilikataza. Sasa nani asimame nje na baridi ile? Wajanja sana wale watu

reli_ya_kati:
Kuhusu habari, soma magazeti ya biashara ya filamu, Variety (ipo tangu 1905) na Motion Picture Herald. Hiyo ya pili ilikuwa na safu wenye kumbi wanaandika wenyewe picha fulani imeendaje kwao, waliokuja wangapi, mvua ilinyesha, watu wametoka katikati. Mimi naona tamu kuliko umbea wa mastaa. Na 1938 chama cha wenye kumbi huru wa New York kililipia kabisa tangazo kusema akina Greta Garbo, Joan Crawford na Katharine Hepburn ni sumu ya mauzo! Magazeti hayo ya zamani yamewekwa bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Media History Digital Library.

mkazi_wa_ilala:
Duh, Garbo sumu? Asanteni sana. Na huyo mhariri alikuwa analipwa kuweka hizo stori?

kiti_cha_nyuma:
Mara nyingi stori inaingia bure kwa sababu tangazo la pembeni limelipiwa. Kamji kana gazeti moja na ukumbi mmoja, wataachana vipi