Naandaa mabango ya watu weusi waliofungua njia: nibakize akina nani, na wapi watu huchemka?

Kalamu_Mkononi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naandaa mabango ya ukutani kuhusu watu weusi waliofungua njia katika fani mbalimbali, wale ambao binafsi wananitia moyo. Ukuta una urefu wa mita 6. Mabango yakishabandikwa nitasimama mbele yake dakika 20 nieleze kwa nini nimechagua hawa.

Orodha imefika majina 24, na kila jina lina sentensi moja tu: "wa kwanza kufanya hiki", "aligundua kile". Baadhi yao: Garrett Morgan (taa za barabarani), Latimer (balbu), Carver (siagi ya karanga), Charles Drew (benki ya damu), Daniel Hale Williams (upasuaji wa kwanza wa moyo), Bluford, Mae Jemison, Katherine Johnson, Jackie Robinson, Abebe Bikila, Wangari Maathai.

Naomba mnisaidie: nibakize wangapi, habari zipi si za kweli, na nisemeje "ananitia moyo" bila kuonekana nimekariri?

Mzee_wa_Nyaraka

Mkuu, 24 ni msongamano, si maonyesho. Chukua karatasi za A2 zilizosimama, kila moja ina upana wa sentimita 42. Mabango 8 yanakula sentimita 336, nafasi 7 za sentimita 25 katikati yake zinakula 175, jumla 511. Unabaki na kama sentimita 44 kila upande. Na kwenye dakika 20, watu 8 kwa dakika 2 kila mmoja ni dakika 16, nne zinabaki za ufunguzi na maswali. Ukizidisha hapo utaanza kukimbia.

Sasa hilo neno "wa kwanza". Ndilo litakalokuumbua. Kila "wa kwanza" adaiwe kipimo: wapi, katika kundi gani, kwa jambo gani? Guion Bluford aliruka na chombo Challenger tarehe 30 Agosti 1983, ni Mmarekani mweusi wa kwanza kufika angani. Ukiandika "mtu mweusi wa kwanza angani" umekosea, maana Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba alishatangulia Septemba 1980 ndani ya Soyuz 38. Mae Jemison hana utata: Septemba 1992, chombo Endeavour, mwanamke mweusi wa kwanza angani.

Jackie Robinson vilevile. Aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers 15 Aprili 1947, lakini Moses Fleetwood Walker alikuwa ameshacheza ligi kuu ya besiboli na Toledo mwaka 1884, kabla wenye timu hawajawafungia weusi mlango. Kwa hiyo Robinson aliufungua mlango uliokuwa umefungwa makusudi, na kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko "wa kwanza" kavu.

Kwenye Nobel ndiko watu huchanganya zaidi. Mtu mweusi wa kwanza ni Ralph Bunche, 1950. Mwafrika wa kwanza kupata ya amani ni Albert Luthuli, tuzo ya 1960. Arthur Lewis wa Saint Lucia, 1979, ni mweusi wa kwanza kuipata nje ya amani, yaani kwenye uchumi. Maathai, 2004, ni mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata ya amani. Wote hao ni "wa kwanza", na hakuna anayemnyang'anya mwenzake.

Fundi_Hataza

Nije kwenye wavumbuzi, maana hapo ndipo orodha yako inavuja.

Morgan hakubuni taa za kwanza za barabarani. London ilikuwa na ya gesi 1868, na Cleveland, mji aliokuwa akiishi mwenyewe, iliwasha ya umeme Agosti 1914. Hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) ni ya tarehe 20 Novemba 1923: nguzo yenye mikono kama herufi T, inazungushwa kwa mkono, na ina hali ya tatu inayosimamisha pande zote kabla ya upande mmoja kuruhusiwa. Andika hiyo hali ya tatu. Tatizo alilolilenga ni kwamba ishara zikibadilika ghafla, gari lililo katikati ya makutano linanaswa. Ukitaka jambo lake lenye uzito zaidi, chukua kofia yake ya kujikinga na moshi: hataza 1914, na 1916 aliingia nayo kwenye handaki lililolipuka chini ya Ziwa Erie kuokoa wafanyakazi.

Latimer hakugundua balbu. Uzi wa kaboni ulikuwa ukipinda na kukatika wakati wa kuchomwa. Yeye aliweka vipande hivyo ndani ya bahasha za kadibodi kabla ya kuvichoma, vikatoka bila kupinda. Hataza ni ya 1882. Hilo linaeleweka hata kwa mtoto, na ukiwa na bahasha halisi mkononi unaweza kulionyesha.

Carver: siagi ya karanga ifute kabisa. Marcellus Edson wa Kanada alikuwa na hataza ya karanga za kusagwa tangu 1884. Kazi ya Carver kule Tuskegee, chuo cha weusi Alabama, kuanzia 1896, ilikuwa udongo. Pamba ikipandwa mwaka baada ya mwaka inachosha ardhi, naye akawafundisha wakulima kuzungusha mazao kwa jamii ya kunde, ambayo hurudisha naitrojeni. Wakishavuna karanga nyingi, wazifanyie nini? Ndipo mwaka 1916 akatoa kijitabu chenye njia 105 za kuandaa karanga. Karanga zilikuja baada ya udongo. Mpangilio huo usiugeuze.

Ukikuta chapisho linasema fulani "aligundua" kitu, tafuta namba ya hataza, kisha soma ukurasa wa madai, si kichwa cha habari tu. Mara nyingi ni maboresho ya sehemu moja, na hiyo sehemu ndiyo habari.

Nesi_Mstaafu

Upande wa tiba. Hadithi kwamba Drew alikufa kwa sababu hospitali ya wazungu ilikataa kumtibu si ya kweli. Alipata ajali ya gari North Carolina 1 Aprili 1950, madaktari wazungu walijaribu kumwokoa, majeraha yakazidi. Ubaguzi aliokutana nao kweli upo wa kutosha, hauhitaji kuongezewa chumvi: damu yenyewe ilikuwa ikitengwa kwa rangi ya mtoaji, naye akapinga kwamba hakuna msingi wa kisayansi. Kazi yake ieleze kwa plazma. Damu nzima huharibika upesi, lakini ukitenganisha chembe unapata plazma inayokaa muda mrefu zaidi na kusafirishika, na ndiyo iliyopelekwa Uingereza kwenye mpango wa 1940 aliousimamia.

Williams, Julai 1893, hospitali ya Provident, Chicago: alishona utando unaofunika moyo wa mtu aliyechomwa kisu, na mgonjwa akapona. Hakushona moyo wenyewe, na mwenzake St. Louis alishafanya upasuaji kama huo 1891.

Kalamu_Mkononi

Duh. Basi Williams nimtoe?

Nesi_Mstaafu

La, badilisha sentensi tu. Provident aliifungua 1891, na wauguzi weusi walikuwa wakifundishwa pale wakati shule nyingine zikiwafungia. Ila kama nafasi ya tiba ni moja, mimi ningempa Vivien Thomas. Hakuwa na shahada ya udaktari. Pale hospitali ya Johns Hopkins alifanyia mbwa wapatao 200 majaribio ya kuunganisha mshipa unaopeleka damu mkononi na ule wa mapafu, na sindano na vibanio akavirekebisha mwenyewe. Tarehe 29 Novemba 1944, mtoto wa kwanza mwenye rangi ya samawati kwa kukosa oksijeni alipopasuliwa, Thomas alisimama juu ya kigoda nyuma ya daktari mpasuaji Alfred Blalock akimwelekeza hatua kwa hatua. Upasuaji ukaitwa Blalock-Taussig, kwa jina lake na la daktari wa moyo wa watoto Helen Taussig. Wapo wanaoongeza jina la Thomas siku hizi, nawe uongeze.

Sauti_ya_Jukwaa

Kuhusu "ananitia moyo": usitaje sifa, taja kitendo. "Jasiri", "shujaa", "hakukata tamaa" zinamfaa kila mtu, kwa hiyo hazimwelezi yeyote. Tafuta kitenzi kimoja kilicho chake peke yake. Katherine Johnson, mtaalamu wa hesabu wa NASA, *alihakiki*: kabla ya safari ya angani ya John Glenn ya 20 Februari 1962, kompyuta ilikuwa imeshatoa namba za mzunguko, na Glenn akataka Johnson azirudie kwa mkono. Alitumia kama siku moja na nusu kwenye mashine ya hesabu ya mezani. Baada ya kitenzi, sema wewe unakitumiaje: ni kazi gani yako unairudia kukagua kwa sababu yake? Usipopata jibu la sentensi moja, mtu huyo unamheshimu tu, hajakutia moyo. Mtoe. Kipimo hicho kitapunguza orodha yako kuliko ushauri wetu wote.

Bikila, mkimbiaji wa marathoni wa Ethiopia, usimwachie Olimpiki ya Roma peke yake. Kila mtu anajua alikimbia bila viatu 1960, akatumia muda wa saa 2:15:16. Wachache wanajua kwamba Tokyo 1964 alishinda tena, safari hii na viatu, kwa 2:12:12, wiki chache baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Anza na Tokyo, urudi Roma kwa sentensi moja.

Na usipange kwa tarehe, utaanza kusoma kalenda. Mweke Johnson kando ya Latimer, kwa mfano: wote wawili walishughulika na sehemu ndogo ambayo ikikosewa, kitu kizima kinakufa.

Mchapaji

Picha yenye upana wa sentimita 30 inahitaji angalau pikseli 1,800 kwa upana. Za mitandao ya kijamii nyingi hazifiki, zitatoka na ukungu. Za Johnson, Jemison na Bluford chukua moja kwa moja NASA, kwa kawaida hazina hakimiliki. Maneno yasizidi 80 kwa bango, herufi pointi 28 kwenda juu, jina pointi 72. Katikati ya bango iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Chapa bango moja kwanza, lisome ukiwa hatua tatu mbali, ndipo uagize mengine.

Kabla ya kuagiza, kagua majina herufi kwa herufi. Garrett ana r mbili na t mbili. Katherine huyu ni kwa K. Tamayo ndilo jina la ubini la yule Mcuba, kwa hiyo ukifupisha usimwite "Méndez". Na Maathai ana a mbili mfululizo baada ya M: mumewe waliyeachana alipotaka aache kutumia jina lake la Mathai, hakuliacha, aliongeza a moja.