Mlioazima vigae vyetu vya ramani mkaturudishia gunia, uzi huu ni wenu

Asalaam aleikum wanajamvi. Mtanisamehe, leo sina maneno ya kupaka asali. Hili jambo nimelimezea tangu mzigo uliposhushwa bandarini, na kila nikipita chumbani nikaliona lile gunia pembeni, damu inanichemka upya.

Kwa ambao hamjui nazungumzia nini: kuna sisi tunaocheza michezo ya kuigiza ya mezani, ile iliyoanzia Marekani mwaka 1974 na Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine wanakuwa mashujaa, na dadu inaamua nani kapona nani kafa. Unaweza kuucheza kwa mdomo mtupu, lakini vita vikianza kila mtu anataka kuona kasimama wapi na adui yuko wapi. Hapo ndipo vinapoingia vigae vya ramani: vipande vya karatasi ngumu au vya plastiki vilivyochorwa miraba, kila mraba inchi moja, na ndani ya hadithi inchi hiyo ni futi 5. Unaviunganisha upendavyo, leo pango, kesho soko, kesho kutwa ngome. Seti yetu tumeichangia watu wengi, kidogo kidogo, na sehemu kubwa imeletwa na jamaa waliokuwa wakirudi likizo kutoka ng'ambo. Kikipotea kipande huwezi kushuka Langoni ukakinunua dukani.

Ndugu zetu wa Malindi wakaomba kuazima. Tukawapa, kwa moyo mmoja. Seti ilitoka hapa Amu (Lamu) ikiwa kwenye makontena mawili ya plastiki yenye vifuniko vya kubana, ndani yake maboksi faili, kila boksi limeandikwa ubavuni kwa kalamu ya wino mzito kilichomo. Imerudi kwenye gunia la mchele. Gunia! Limefungwa mdomo kwa kamba ya nailoni, likawekwa juu ya keria ya basi, likapigwa jua njia nzima, likashushwa Mokowe, gati la upande wa bara, likatupwa kwenye ngama ya mashua. Kila aliyewahi kuvuka Mokowe anajua chini kule hakukosi maji, na nahodha hawezi kusimama kufua maji kwa ajili ya gunia lenu la karatasi. Makontena nasikia moja limetiwa unga kwa mama wa mtu, jingine hakuna anayejua liliko.

Nililimwaga juu ya mkeka. Kigae kikubwa cha ukumbi, kile cha miraba 8 kwa 8, kimefura kingo zote nne. Ukikilaza mezani kinabembea, na kinyago, yaani kisanamu cha shujaa, ukikisimamisha katikati kinateleza chenyewe mpaka ukutani bila kuguswa na jini wala shetani. Kwenye pembe moja karatasi ya juu imebanduka; ukiivuta kidogo inakuja na sakafu yote ya mawe, unabaki na ule utumbo wa kijivu. Punje za mchele zimejikita kwenye matundu ya klipu za kuunganishia, nimezitoa kwa sindano ya kushonea kofia. Na kwenye kigae cha kisima cha mchawi kulikuwa na gamba la samaki. Gamba la samaki, jamani!

Nilipouliza nikajibiwa eti, "Shekhe, sisi tumevipanga vizuri sana, mapango tumeyaweka na mapango, misitu na misitu." Yaani kabla ya kutia guniani walivifunga mafungu mafungu kwa mipira ya pesa, na mipira yenyewe imekata kingo. Hilo neno la kupanga ndilo limenichoma kuliko hata maji.

Hebu tuelewane. Vigae vya karatasi vya seti yetu karibu vyote vimechapwa pande mbili. Upande huu pango, ukikigeuza njia ya msituni. Sasa kigae hicho mmekiweka wapi? Mkikiweka kwa mapango, anayetafuta msitu hatakiona, na mkikiweka kwa misitu mmemficha mwenye pango. Halafu msimulizi akiwa katikati ya mchezo, watu wamekodoa macho, wala hatafuti "pango". Ana pengo la miraba 2 kwa 4 kati ya chumba na ngazi, anataka kitu cha kuliziba, na atageuza upande utakaofaa. Kinachotafutwa pale ni umbo na kipimo. Kwa hiyo 2 kwa 2 vikae pamoja, 2 kwa 4 pamoja, 4 kwa 4, 4 kwa 8, 8 kwa 8, na vile vya ajabu ajabu, vya mviringo na vilivyopinda, vipewe boksi lao. Milango, ngazi, mitego na masanduku ya hazina viende kwenye mkebe mdogo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyopotelea chini ya mkeka.

Tuliporudi kucheza na mafungu yenu ya mada, watu walimaliza kahawa yote na vita havijaanza. Msimulizi wetu anafungua fungu la misitu, hakuna, anafungua la mji, hakuna, kumbe daraja lake liko nyuma ya kigae cha jela. Vijana wawili wakaaga wakaenda kutazama mpira. Nani atawalaumu?

Vile vya plastiki vyenye kuta zilizosimama sina ugomvi, vipangeni kwa mada mkitaka. Vile vina uso mmoja tu, ukuta wa jela ni ukuta wa jela.

Na boksi faili hatukulichagua kwa kupenda mambo ya ofisini. Miraba 8 ni inchi 8, yaani sentimita 20.3. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kigae chetu kikubwa kabisa kinaingia kwenye boksi la A4 kama kimepimiwa, na boksi lenyewe lipo kila duka la vifaa vya shule, Amu na Malindi pia. Ile springi ya ndani inavibana visicheze. Tatizo lake moja, boksi faili nalo ni karatasi, linakunywa unyevu vilevile, ndiyo maana lilikuwa ndani ya kontena lenye kifuniko. Haya yote niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya kifuniko. Kifuniko ambacho sasa kinafunika unga.

Na nyinyi wa hapa Amu msicheke, zamu yenu imefika. Kuna bingwa mmoja kati yetu alipewa kutunza fungu la majumba, akavipanga kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za nyumba ya babu yake, apige picha aweke mtandaoni. Pazuri, sikatai. Lakini zidaka wazee waliwekea vyombo vya kaure, na kaure hainywi maji. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua unyevu na kutema chumvi, mnaona wenyewe plasta inavyomeng'enyeka. Masika ikiingia, viatu vya ngozi vinaota manyoya ndani ya kabati lililofungwa, seuze karatasi iliyoegemezwa ukutani. Vilivyokuwa mstari wa nyuma vimeota madoa meusi. Ukiyafuta, unafuta na rangi.

Ushauri wa wenzetu wa nchi za baridi nao tuuchuje. Wanasema tia kila aina kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu. Achilia mbali kwamba Kenya imepiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Agosti 2017 na kupata mfuko mzuri ni shughuli. Kigae kikiwa na unyevu ukakifungia ndani ya mfuko, umekifungia ukungu nyumba yake. Kwanza kikauke kivulini penye upepo, kigeuzwe pande zote, kilazwe chini ya kitu kizito, ndipo kifungiwe. Wekeni humo vile vifuko vya silika vya kuvuta unyevu, vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, msivitupe. Na vilazwe, visisimamishwe, maana kikisimama kimelegea kinapinda. Ndani ya boksi lililobanwa na springi kusimama si neno, nje ya hapo laza.

Nije kwenye vya plastiki, ambavyo mlidhani haviharibiki. Vyetu vimechapwa kwa printa ya 3D ya mtu Mombasa, kwa plastiki ya PLA, ile inayotumika na printa nyingi za nyumbani. Plastiki hiyo inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi. Juu ya keria ya basi, jua la mchana, vipande vyeusi, vizito vimelalia vyepesi. Matokeo yake kuta za jela zimepinda kama ulimi wa ng'ombe na klipu haziingii tena, chumba kimoja kina ufa unaopitisha kidole. Hiyo hainyooki ikarudi ilivyokuwa. Nimejaribu na maji ya moto, ukuta ukanyooka, sakafu ikajikunja.

Sumaku ndizo zinazonitia hofu. Zile ndogo za neodimi zilizo chini ya vipande zina ganda la nikeli, kwa sababu kilichomo ndani kinashika kutu upesi. Ganda likichubuka, na chumvi ya huku kwetu, sumaku inavimba, inapasuka, inakuwa unga. Nyingine zimeng'oka zikajikusanya guniani donge moja. Nyingine hazimo kabisa, yaani zimebaki Malindi kwenye sakafu ya mtu. Kaka zangu, hapa naacha mzaha. Mtoto akimeza sumaku mbili zinavutana tumboni na kubana utumbo katikati mpaka unatoboka. Hilo ni la kupelekwa hospitali mara moja, si la kungoja zitoke zenyewe. Kama kuna mtoto anayetambaa kwenye nyumba mliyochezea, inukeni sasa hivi mkafagie chini ya makochi, kisha mrudi kusoma.

Watengenezaji nao siwasamehi. Wanakuuzia vigae vikiwa vimeshikamana kwenye bamba, boksi limekatwa kutoshea bamba. Ukishavibandua vyote, vinazurura ndani ya boksi na kugongana pembe, au havifungi kabisa. Kazi ya kuvihifadhi wamekuachia wewe, na bei wamechukua kamili.

NYONGEZA, maana mmeshaanza kujibu:

Aliyesema "ni karatasi tu, kaka, punguza presha": lete simu yako nikuzamishie kwenye ngama, kisha nikwambie ni kioo tu.

Aliyeshauri tununue vya Dwarven Forge, wanaovitengeneza tangu 1996: vizuri sana, havinywi maji. Changa wewe, na uzito wake mpaka Shela utamlipa mwenye punda wewe.

Bi mkubwa aliyeshauri tuweke chokaa ndani ya kontena ivute unyevu, nakuheshimu, na ni kweli chokaa isiyozimwa huvuta maji. Lakini inaunguza ngozi na macho, na ikirowa inatoa moto. Kwenye sanduku ambalo vijana wanatia mikono hovyo, hapana. Afadhali mchele mkavu kwenye kitambaa, ule wa kwenye kidude cha chumvi, ingawa kazi yake ni ndogo.

Anayesema tuachane na vigae tutumie skrini, umeme ukikatika usiku wa mchezo tutakuita uje utusimulie.

Na ndugu wa Malindi aliyenifuata faragha kuniambia nimewaanika mbele za watu. Nimewaanika, ndiyo. Sikutaja jina la mtu, na nyumba siitaji. Wazee wanaocheza bao pale Mkunguni wana kete 64, na mzee hanyanyuki mpaka zimehesabiwa zikatimia. Hawana boksi wala silika, wana adabu ya mchezo tu. Nyinyi mlipewa na orodha juu.

Ninachotaka ni hiki. Makontena yote mawili, lile la unga likiwa limeoshwa na kukaushwa. Daraja la miraba 2 kwa 8, ambalo halimo guniani. Milango yote ya mbao, ile midogo ya kusimama, na sumaku mtakazozifagia, zikiwa kwenye mkebe wa bati wenye kifuniko. Vya plastiki vilivyopinda mtachangia kuchapisha upya, bei nitawatumia nikishaongea na mtu wa Mombasa. Seti haitoki tena Amu bila mtu kutia sahihi kwenye orodha yenye picha za pande zote mbili, na atakayesafiri nayo ataipakata mapajani, keria marufuku.

Mkishaweka kwenye basi nitumieni namba ya gari. Nitavuka Mokowe nikapokee mwenyewe.