Ulinganisho: baga ya mgahawa wa zamani, samaki wa Feri au mgahawa mpya wa Shangani kwa mlo wa familia Mtwara?

Binti Korosho
Habari za jioni, wanajukwaa. Naomba mnisaidie kulinganisha sehemu tatu za kula hapa Mtwara mjini. Baba yetu ametimiza miaka 70, ndugu zangu wanasafiri kuja kumwona, nasi tumekubaliana kula naye mlo mmoja nje ya nyumbani, kazi ya kuchagua mahali ikaniangukia mimi. Sehemu ya kwanza ni ule mgahawa wa zamani wa baga ulio upande wa sokoni, wenye meza za mbao na ubao wa bei uliopakwa rangi mara nyingi hata tarakimu za zamani zinachungulia chini ya zile mpya. Sehemu ya pili ni mabanda ya samaki pale Feri, na ya tatu ni mgahawa mpya wa Shangani unaotazama bahari. Dada yangu mkubwa anasema kwamba baga ni chakula cha vijana na kwamba kumpeleka mzee pale ni kumvunjia heshima. Mimi sikubaliani naye, lakini sitaki kuamua peke yangu. Ninyi mngechagua wapi?

Mzee wa Chikongola
Binti yangu, Mungu akuzidishie kwa kumkumbuka mzazi wako angali hai. Swali lako, hata hivyo, bado halijakamilika. Hukusema mtakuwa wangapi, mtakula siku gani na saa ngapi, mmechanga kiasi gani, wala kama mzee ana maradhi yanayomzuia kula chumvi, mafuta au sukari. Mgahawa huo wa sokoni una meza nne tu, na mchana wa siku za kazi watumishi wa ofisini huzijaza zote. Ukija na familia nzima bila kutoa taarifa, mtakula mmesimama. Tueleze kwanza hayo, kisha tutakushauri.

Mpishi Ligula
Mimi sihitaji maelezo zaidi, kwa sababu nimekula katika mgahawa huo tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kuondoka nikijuta. Nyama yao husagwa asubuhi ile ile, hukandwa kwa kitunguu, chumvi kidogo na pilipili manga, wala haiongezwi unga ili ionekane nyingi kama wafanyavyo wengine. Mpishi huweka tonge la nyama juu ya kikaango bapa cha chuma kilichokwisha kupata moto, kisha hulikandamiza mara moja tu kwa mwiko wa chuma hadi liwe jembamba na kingo zake ziwe na matundu kama za chapati ya maji. Hapo ndipo ukoko wa kahawia unapotengenezeka, na ladha yote imo katika ukoko huo. Akishaigeuza haikandamizi tena, kwa kuwa akifanya hivyo mchuzi wa nyama utakimbilia motoni. Wakati huo nusu mbili za skonzi zimelazwa kifudifudi kwenye mafuta ya nyama hiyo hiyo zikipata rangi. Baga ndogo, nyembamba na ya bei ya chini si umaskini, bali ndiyo mwanzo wa biashara yenyewe, kwani migahawa ya baga ya White Castle ilipoanza kule Wichita, Marekani, mwaka 1921, iliuza baga za namna hiyo kwa senti 5.

Nahodha wa Msangamkuu
Ndugu yangu Mpishi, nakuheshimu, lakini nashindwa kuelewa mtu aliyezaliwa pwani anawezaje kumwandalia mzazi wake karamu ya ng'ombe. Mikoa yetu haina mifugo mingi, kwa hiyo ng'ombe wengi tunaowala wamesafirishwa kutoka mbali, ilhali samaki tunawashusha sisi wenyewe hapa Feri. Unamchagua kwa macho yako, unatazama jicho lake kama linang'aa na mashavu yake kama ni mekundu, kisha anapakwa nazi mbele yako. Zaidi ya hayo, kama mtakula Jumapili ijayo, mwezi utakuwa umeandama, maana yake ni bamvua. Maji yatatoka sana kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, wavuvi wa miguu watakuwa miambani, na mchana pweza atakuwa mezani. Pweza wa bamvua hafanani kabisa na pweza wa barafuni.

Mzee wa Chikongola
Nahodha, umesema kweli kuhusu pweza, lakini mzee wa miaka 70 anahitaji pia meno ya kumtafunia. Vilevile tumo katikati ya kusi. Bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, na changu wa ukubwa wa kiganja anauzwa kwa bei ambayo miezi ya kaskazi ungepata kolekole mzima.

Nahodha wa Msangamkuu
Kuhusu bei wakati wa kusi sina ubishi, mzee wangu. Kuhusu meno, pweza akipondwa vizuri na kuchemshwa katika maji yake mwenyewe kabla ya kutiwa nazi, hata mtoto wa miaka mitatu anamla. Anayekula pweza mgumu ameuziwa na mpishi mwenye haraka.

Mama Wawili, Lindi
Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu yanaweza kumsaidia dada yetu. Mwaka jana tulikuwa watu 12 katika mji ambao sitautaja, tukitoka kwenye mahafali ya mdogo wangu. Tulichagua mgahawa mpya, wenye viti vya kitambaa na taa nzuri, tukaagiza chakula saa saba mchana. Chakula kilifika saa kumi kasoro robo, tena si chote, kwa hiyo wengine walikula huku wengine wakiwatazama. Watoto walikuwa wameagiza baga, na baga zenyewe zilikuwa nene kama kiganja changu. Kwa nje zilikuwa zimeungua, lakini mwanangu wa miaka sita alipoikata yake katikati nikaona nyama ina rangi ya maini mabichi. Nilimwita mhudumu, akanijibu kwa upole kabisa kwamba ndivyo zinavyoliwa Ulaya. Mtoto alikuwa amekwisha kula nusu. Usiku ule hatukulala, alitapika na kuhara hadi alfajiri, na asubuhi alitundikiwa dripu mbili. Daktari alinifafanulia jambo ambalo sikulijua: kipande kizima cha nyama kina vijidudu juu yake tu, na moto wa nje unaviua, lakini nyama ikishasagwa vijidudu hivyo vinachanganywa hadi ndani, kwa hiyo nyama ya kusaga inapaswa kuiva yote, kufikia nyuzi joto 71. Tangu siku hiyo nikiona baga nene sina hamu nayo tena. Baga nyembamba aliyoieleza Mpishi inaiva pande zote kwa dakika chache, nami ningemwamini mpishi wa zamani mwenye kikaango kimoja kuliko jiko jipya ambalo bado linajifunza kwa matumbo ya wateja.

Mgeni Mikindani
Pole sana, dada. Je, mtoto alipona kabisa? Mimi nina wasiwasi mwingine. Nimesikia watu wakisema kwamba jina kamili la chakula hiki, hamburger, lina neno la Kiingereza, ham, lenye maana ya nyama ya nguruwe. Kwa familia ya Kiislamu jambo hili halipaswi kupuuzwa.

Mwalimu Magomeni
Ndugu Mgeni, ondoa shaka. Jina hilo limetokana na mji wa Hamburg, ambao ni bandari kubwa ya Ujerumani, na halina uhusiano wowote na nguruwe. Nyama ya asili ya chakula hicho ni ya ng'ombe. Swali linalofaa kuulizwa ni nyama inanunuliwa bucha gani na nani alichinja, na swali hilo ungepaswa kuliuliza hata kwenye mishikaki. Mgahawa wa sokoni hununua nyama katika bucha la jirani, unaweza kuvuka barabara ukauliza mwenyewe.

Mama Wawili, Lindi
Alipona, Alhamdulillahi, asante kwa kuuliza.

Binti Korosho
Nawashukuru wote, na naomba radhi kwa kutoeleza mambo yote tangu mwanzo. Tutakuwa watu 17, wanne kati yao ni watoto. Tunakusudia kula Jumapili mchana. Tumechanga shilingi 150,000. Baba ana shinikizo la damu na ameshauriwa apunguze chumvi, ila meno yake ni mazima. Kuna jambo jingine ambalo sikuliandika kwa sababu nilidhani halina uzito. Baba alikuwa kibarua katika mashamba ya utafiti wa korosho kule Naliendele, na kila mwisho wa mwezi alipopokea ujira wake alitupandisha gari hadi mjini, akatununulia baga moja katika mgahawa huo. Mwenye mgahawa aliikata kwa kisu mara mbili, vikawa vipande vinne, kimoja kwa kila mtoto. Baba mwenyewe alikunywa chai ya rangi akisema ameshiba. Hadi leo sijawahi kumwona akila baga nzima.

Mpishi Ligula
Dada, ungeanza na habari hiyo! Mpeleke mzee akale baga yake nzima, na umwambie mpishi apunguze chumvi kabla nyama haijakandwa, maana ikishakandwa haitoki.

Mhasibu Chuno
Nimekaa na kalamu. Mgahawa wa sokoni unauza baga pamoja na chipsi kwa shilingi 5,000 na juisi ya ukwaju kwa 1,000, hivyo watu 17 ni shilingi 102,000, na mnabakiwa na 48,000 za usafiri. Feri kwa msimu huu ukadirie 10,000 kwa kila mtu, yaani 170,000, ambazo zimezidi mchango wenu, na hata kama watoto watakula nusu ni 150,000 kamili, hambakiwi na kitu cha usafiri. Shangani nilikwenda mwezi uliopita, na mlo wa kawaida na kinywaji ulinigharimu 18,000. Mara 17 ni 306,000. Mandhari ni mazuri sana, ila mtakuwa mnalipia upepo zaidi kuliko sahani.

Mzee wa Chikongola
Hesabu ni sahihi, lakini mnasahau kwamba mgahawa huo haufunguliwi Jumapili mchana.

Mpishi Ligula
Mzee wangu, unafunguliwa. Mimi nimekula pale Jumapili.

Mzee wa Chikongola
Ulikula jioni, mwanangu. Hufungua baada ya sala ya Alasiri, kwa sababu asubuhi mwenye mgahawa huwa shambani kwake. Nimekuwa jirani yake kwa miaka mingi. Tena mwokaji anayewaletea skonzi kwa baiskeli haoki siku hiyo, kwa hiyo skonzi za Jumapili ni zile za Jumamosi.

Mpishi Ligula
Kuhusu skonzi, naona ya jana ni bora kuliko ya moto. Ya moto inanyonya mafuta na kukatikia mkononi, ilhali ya jana inapochomwa upande wa ndani hushika vizuri na kubeba kachumbari bila kulowa.

Mwalimu Magomeni
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Skonzi ya jana ni ya jana, na mgeni wa heshima hapewi kiporo.

Mama Wawili, Lindi
Dada, usisubiri jukwaa hili likubaliane. Nenda ukazungumze nao mapema, uwaeleze kwamba mko 17, na ikiwezekana ulipe kiasi cha awali ili wasage nyama ya kutosha. Kama ni Jumapili jioni, basi iwe jioni, na dada yako mkubwa mweleze ile habari ya vipande vinne.

Binti Korosho
Habari hiyo anaijua, kwa kuwa kipande cha kwanza kilikuwa chake. Nilipomkumbusha leo alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akasema kwamba ndiyo sababu anataka safari hii baba akae kwenye kiti kizuri. Sikuwa na jibu. Kesho baada ya Alasiri nitapita sokoni kuuliza kuhusu Jumapili na kuhusu meza.

Nahodha wa Msangamkuu
Ukifika, uwaulize pia kama wanaruhusu mteja kuingia na chakula alichopika kwingine. Nitakutengea pweza mmoja wa bamvua, mama watoto atampika kwa nazi bila chumvi, nami nitamleta mwenyewe kwa mtumbwi.