Kaka yangu hapepesuki wala hakosi kazini: je, amekuwa mtegemezi wa pombe?

Dada wa Malaba anauliza:

Hamjambo ndugu zangu. Ninaandika kutoka Malaba, upande wetu wa Uganda, kuhusu kaka yangu ambaye ana umri wa miaka 41 na ni fundi wa malori. Amekuwa akikaa kwangu tangu wifi yangu alipowachukua watoto na kurudi kwao mwaka jana.

Kinachonitatiza ni kwamba hafanani na mlevi tuliyezoea kumwona. Hapepesuki, hamtukani mtu, hakosi kazini, na wateja humsifu. Miaka michache iliyopita bia mbili zilitosha kumchangamsha. Siku hizi humaliza nusu chupa ya waragi, ile pombe kali yetu, kwa jioni moja na bado akazungumza nawe kama aliyekunywa chai. Asubuhi, hata hivyo, ni mtu mwingine. Jumatatu iliyopita nilimkuta mlangoni, jasho likimtiririka ingawa kulikuwa na baridi, akimwomba mwanangu wa miaka 7 amfungie vifungo vya shati kwa sababu vidole vyake vilikataa. Mchana nilipompelekea chakula gereji, niliona chupa ndogo ya soda chini ya spana zake, na ndani yake hamkuwa na soda. Vijana wa pale waliniambia bila kuficha kwamba fundi hawezi kushika bisibisi kabla ya kutoa loki, yaani kunywa kidogo asubuhi ili atulie, na kwamba mikono ikishatulia hakuna injini inayomshinda.

Nikimuuliza, hunijibu kwamba mlevi ni yule anayelala mtaroni. Wajomba wameamua kumpeleka kijijini, nje kidogo ya Tororo, wamfungie chumbani wiki nzima kwa uji na maombi mpaka pombe imtoke. Ninaomba kujua mambo mawili: je, huu ni unywaji wa kawaida au amekwisha kuvuka mpaka, na je, nikubaliane na wajomba?

Mzee wa Mtungi anajibu:

Binti yangu, mimi nimekunywa ajono, pombe yetu ya ulezi, tangu ujana, na sipendi inaposemwa kwamba kila anayeketi kwenye mtungi ni mgonjwa. Sisi huketi wengi, kila mmoja na mrija wake, tukiongeza maji ya moto mpaka ulezi uishiwe ladha, kisha tunaagana. Mtungi una mwisho, tena una macho, kwa maana anayezidisha huambiwa papo hapo. Chupa iliyofichwa chini ya spana haina macho wala mwisho, na hiyo siwezi kuitetea. Kuhusu kumfungia, nami ningefanya kama wajomba wako, lakini ngoja tuwasikie wanaojua zaidi.

Tabibu wa Mashariki anajibu:

Dada, shikamoo kwa mzee aliyetangulia, nami nianze na swali lako la pili kwa kuwa ndilo lenye hatari. Msimfungie.

Mwili unaopata pombe kila siku kwa muda mrefu hujipanga kuishi nayo. Pombe huupumbaza ubongo, na ubongo nao hujikaza ili uendelee kufanya kazi. Pombe ikiondolewa ghafla, ule mkazo hubaki bila kitu cha kuuzuia. Mitetemo, jasho, kichefuchefu na wasiwasi huanza kati ya saa 6 na 12 baada ya kinywaji cha mwisho, na ndiyo sababu kaka yako huamka navyo na kutulia akishaonja. Anayenyimwa kabisa anaweza kuanguka kama mwenye kifafa ndani ya siku 2 za kwanza. Kati ya siku ya 2 na ya 4 baadhi ya watu huweweseka, wakaona wadudu ukutani, homa ikapanda na moyo ukaenda mbio, na asiyetibiwa anaweza kufa. Fikiria hali hiyo ikitokea kijijini nyuma ya mlango uliofungwa: watasema ni pepo, nao mlango utazidi kufungwa. Hospitalini hupewa dawa za kutuliza kama diazepamu, zinazopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, kwa sababu wanywaji wengi wa muda mrefu hupungukiwa nayo, na upungufu huo unaweza kuiharibu kumbukumbu kabisa. Si dawa za kununua dukani na kukisia.

Sasa swali la kwanza. Kupepesuka si kipimo cha utegemezi. Kutopepesuka baada ya nusu chupa ndiko kunakonitia shaka. Kwa hesabu inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, kipimo kimoja ni gramu 10 za pombe halisi. Bia 2 za nusu lita zenye nguvu ya asilimia 5 ni takriban vipimo 4, ilhali nusu ya chupa ya mililita 750 yenye nguvu ya asilimia 40 inakaribia vipimo 12. Mwili wake umejifunza kubeba mara tatu ya mzigo wa zamani, na ini halikuulizwa.

Utegemezi hauanzi siku moja, na una viwango. Wako wanaokunywa kwa namna inayohatarisha afya ingawa hawajadhurika. Wako ambao wamekwisha kudhurika, kwa vidonda vya tumbo, ajali au ugomvi, lakini bado wanaweza kuacha wakiamua. Na wako ambao pombe ndiyo inayoamua. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 hutaja dalili 11 zinazotazamwa katika kipindi cha miezi 12: mwenye 2 au 3 ana tatizo dogo, mwenye 4 au 5 ana la wastani, na mwenye 6 au zaidi ana tatizo kali. Kwa maelezo yako ninaona mbili waziwazi, yaani mwili kuhitaji pombe nyingi zaidi kuliko zamani na mwili kuugua inapokosekana; ya tatu ipo ikiwa wifi yako aliondoka kwa sababu ya pombe na kaka yako akaendelea kunywa. Nyingine zimo ndani yake: kama hunywa zaidi ya alivyokusudia, kama amejaribu kupunguza akashindwa, kama hamu humjia akiwa chini ya lori na kumvuruga akili.

Kuna ishara moja ambayo watu huipita. Mwaka 1976 watafiti Griffith Edwards na Milton Gross, walipoeleza utegemezi wa pombe, walionyesha kwamba unywaji wa mtu aliyefika huko hupoteza sura zake mbalimbali. Mnywaji wa kawaida hunywa harusini, asinywe wiki ya ada za shule. Mtegemezi hunywa kinywaji kile kile, kwa saa zile zile, iwe ni sikukuu au msiba. Chunguza kama siku za kaka yako zimeanza kufanana.

Niliyewahi Kunywa anajibu:

Nilikuwa mwendesha bodaboda mjini Mbale, na ninaongeza jambo moja ambalo daktari hawezi kuliona kutoka nje, nalo ni zile sheria ambazo mtu hujitungia. Nilijiwekea sheria ya kutokunywa kabla ya saa kumi na mbili jioni, kisha ya kutokunywa waragi bali bia tu, kisha ya kutokunywa nikiwa na abiria. Kila sheria niliivunja na kuitafutia sababu nzuri. Vifuko vya plastiki vya waragi vilipopigwa marufuku mwaka 2019, nilimshukuru Mungu kwamba serikali imeniachisha. Wiki ile ile nilianza kununua ya chupa, na kwa kuwa chupa ni kubwa kuliko kifuko, nilikunywa zaidi. Dada, usimuulize kama yeye ni mlevi, maana jibu la mtaroni analo tayari. Muulize ni sheria gani aliyojiwekea na ilidumu siku ngapi. Mimi niliulizwa hivyo na mchungaji mmoja, nikanyamaza, na yeye hakuongeza neno.

Dada wa Malaba anajibu:

Asanteni sana. Jana usiku niliuliza swali la sheria. Alicheka, kisha akasema alijiwekea sheria ya kutokunywa asubuhi, na ilidumu siku mbili mpaka bisibisi ilipomponyoka mbele ya mteja. Mjomba mkubwa amesikia habari ya kifafa na amekubali kwamba tumpeleke hospitali Alhamisi. Je, tangu leo hadi siku hiyo niifiche ile chupa?

Tabibu wa Mashariki anajibu:

Usiifiche wala usiimwage. Asizidishe, lakini pia asikatishwe ghafla kabla ya kuonwa; mpe chakula na maji ya kutosha, na asiingie chini ya lori. Akianguka, akianza kuweweseka au homa ikipanda, msingoje Alhamisi, mpelekeni saa ile ile hata kama ni usiku. Mkifika, waambieni kiasi anachokunywa bila kupunguza kwa aibu, na saa aliyokunywa mara ya mwisho, kwa sababu dawa hupangwa kwa kuzingatia hayo. Kuna dodoso la Shirika la Afya Duniani liitwalo AUDIT, lenye maswali 10 na alama 40. Wakiwa nalo, mwache ajibu mwenyewe. Alama 8 huashiria unywaji wa hatari, na kuanzia 20 hushukiwa utegemezi unaohitaji kuchunguzwa kwa kina. Wakiona hali yake imewazidi, wanaweza kumwandikia rufaa hadi Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, ambako kuna kitengo cha wenye matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Na asubuhi ya Alhamisi mfungie vifungo wewe mwenyewe, badala ya mtoto.