Ulinganisho: mwaka wa kwanza wa nesi mpya. Mzunguko, mlezi mmoja au mseto?

Rota_na_Chai (mwanzilishi wa mada)

Wadau, tulinganishe kwa undani. Chukulia hospitali ya vitanda 120 hapa Nairobi inayopokea manesi wapya 10 kwa mkupuo. Wengi ni wa diploma, ambao hawapitii uanagenzi wa miezi 12 kama wenzao wa shahada: leo leseni, kesho funguo za kabati la dawa. Kuna sura tatu mezani.

Ya kwanza ni mzunguko, mtindo wa uanagenzi wetu: wodi ya magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, kisha afya ya jamii, mpaka mwaka uishe. Ya pili ni mlezi mmoja, yaani nesi mzoefu anayemsimamia mgeni, katika wodi moja, kama wanavyofanya Uingereza. Ya tatu ni mseto wa Kimarekani: anakaa wodi moja, ana mlezi, na mara moja kwa mwezi kundi lote linatolewa wodini kwa darasa, halafu mwaka unafungwa kwa mradi mdogo wa kuboresha kazi.

Ipi inambeba mtu mwaka mzima bila kuivunja rota (ratiba ya zamu)?

Kanula_Kijani

Kabla ya sura, uliza swali moja tu: nesi mpya anahesabiwa kwenye zamu au hahesabiwi? Zamu ya watu wanne yenye mgeni mmoja ni zamu ya watu wawili na nusu, maana mlezi naye nusu ya akili yake iko kwa mgeni. Ukimhesabu tangu siku ya kwanza, huo mpango wako ni karatasi.

Mwongozo wa kitaifa wa England wa Oktoba 2022 unaanzia hapohapo. Kiwango cha chini cha ulezi ni miezi 6, kiwango bora ni 12. Nesi mpya anapewa angalau wiki mbili nje ya hesabu ya zamu. Mlezi hashiki zaidi ya watu wawili kwa wakati mmoja. Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa kwanza popote pale, kwa sababu inchaji (nesi mkuu wa wodi) huwa na mtu mmoja anayejua kufundisha na kila mgeni anatupiwa yeye. Ndani ya miezi mitatu mlezi huyo anaomba uhamisho.

Kwa watu 10 unahitaji walezi 5, na wawili wa akiba. Likizo ya mwaka ipo, likizo ya uzazi ipo, na homa haina ratiba.

Sista_wa_Mashariki

Natetea mzunguko kidogo. Mifano ya Uingereza na Marekani inamwandaa mtu wa wodi moja, kwa sababu huko ataajiriwa wodi hiyohiyo. Huku kwetu nesi wa kituo cha afya Kayole au Dandora anaweza kumzalisha mama saa saba usiku, na saa nane akaletewa mtoto mwenye degedege. Asiyewahi kukanyaga wodi ya watoto atamwita nani? Afrika Kusini nao wana mwaka mmoja wa utumishi kwa jamii kwa manesi wapya tangu 2008, na mantiki yake ni upana uleule.

Tatizo la mzunguko ni kasi. Hesabu: wiki 52, wodi tano, ni kama wiki 10 kila mahali. Wiki mbili za kwanza za kila wodi mtu hujifunza vitu viko wapi: toroli ya dharura, ufunguo wa dawa za kulevya, nani husaini nini, daktari gani hapokei simu. Kwa hiyo wiki 10 za mwaka mzima zimeishia kwenye "samahani, glavu mnaweka wapi?" Kituo, yaani muda wa kukaa wodi moja, kikiwa chini ya wiki 8, afadhali usimpeleke kabisa. Na mlezi akibadilika kila kituo, hakuna anayejua kwamba kosa la wodi ya tatu ndilo lilelile la wodi ya kwanza.

Hesabu_ya_Dripu

Sura yoyote mtakayochagua, darasa lisiwe la mihadhara. Mtu ametoka chuoni jana, nadharia anayo kukuzidi. Linalomwangusha ni mikono na hesabu chini ya haraka. Mifano miwili ninayoona ifanywe ndani ya mwezi wa kwanza, kila mtu kwa mkono wake.

Dripu. Lita moja kwa saa 8, mrija wa matone 20 kwa ml: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone 42 kwa dakika. Mrija wa watoto wa matone 60 unakupa 125. Kosa la kawaida ni kukariri 125 halafu kufunga mrija wa kawaida, kwa sababu ule mwingine umeisha stoo. Hapo mgonjwa anaingiza ml 375 kwa saa na chupa imekwisha kwa saa 2 na dakika 40. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu, hayo ni maji kwenye mapafu. Dawa yake si kukariri namba. Kila mara soma pakiti ya mrija kabla ya kupiga hesabu.

Magnesiamu salfeti kwa kifafa cha mimba. Dozi ya kuanzia ni gramu 4 kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Ampuli ni ya asilimia 50, na haiingii mshipani hivyohivyo. Vuta ml 8, ongeza ml 12 za maji ya sindano, una ml 20 za asilimia 20, toa polepole kwa dakika 5 hadi 20. Ile ya misuli hubaki asilimia 50, ikichanganywa na ml 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2. Mgeni hukosea mahali hapa hasa: dawa ileile, mama yuleyule, mchanganyiko tofauti mara mbili ndani ya nusu saa, na jamaa wanalia mlangoni. Pia ampuli hazina ujazo mmoja. Aliyezoea ya ml 10 akipewa ya ml 2 hutoa dozi pungufu bila kujua.

Kabla ya kila dozi inayofuata, hupimwa mambo matatu: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, mkojo usipungue ml 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuzima magnesiamu ikizidi mwilini, iwe kwenye trei hiyohiyo. Isiwe kwenye kabati lenye ufunguo mfukoni mwa mtu aliyekwenda chai.

Sahihi kwenye daftari la stadi isitolewe kwa "ameona". Itolewe kwa "amefanya mara tatu, ya tatu bila kusemeshwa".

Zamu_ya_Usiku

Hesabu_ya_Dripu umemaliza upande wa mikono. Upande wa mdomo je? Manesi wapya wengi huona mgonjwa anabadilika. Wanachoshindwa ni kumwamsha daktari. Wanaogopa kuambiwa "ndio hili tu?"

Alama za tahadhari zinasaidia kwa sababu zinaondoa hisia kwenye mazungumzo. Kwa mfumo wa NEWS2 wa Uingereza, ambapo kila kipimo cha mgonjwa hupewa alama kisha zinajumlishwa, jumla ya 5 inataka daktari aje haraka, 7 na zaidi ni dharura. Lakini alama peke yake haipigi simu. Simu yenyewe ifanyiwe mazoezi, kwa sauti, mlezi akiigiza daktari mwenye usingizi:

"Daktari, ni nesi wa wodi ya upasuaji, kitanda 14. Mama wa miaka 52, siku ya pili baada ya kutolewa kifuko cha nyongo. Anapumua mara 26, oksijeni 91 bila msaada, mapigo 118, presha 104 kwa 60, joto 38.6, anaongea vizuri. Alama 10, ilipokuwa saa nne usiku zilikuwa 3. Nimeshamwekea oksijeni. Naomba uje sasa. Niandae nini kabla hujafika?"

Sekunde 30. Sikiliza anayefanya mara ya kwanza: ataanza na "samahani kukusumbua", atasimulia tangu mgonjwa alipolazwa, na ombi halitatajwa. Daktari atasema "endelea kumwangalia" na simu itakatwa. Sentensi ya "naomba uje sasa" ndiyo ngumu kuliko zote, na haifundishiki kwa slaidi.

Rotani, usiku wa kwanza usiwe kabla ya wiki ya 7, na mlezi awe zamu hiyohiyo, si nyumbani na simu.

Kanula_Kijani

Nakubaliana, isipokuwa wiki ya 7 kwa wodi ya uzazi ni mapema mno. Hapo ningesubiri ya 10.

Mwalimu_wa_Wodini

Hakuna aliyegusa katikati ya mwaka. Mwaka 1974 mtafiti wa uuguzi Marlene Kramer alieleza mshtuko wa nesi mpya kwa hatua, na ya kwanza ni fungate: kila kitu kizuri, sare mpya, mshahara wa kwanza. Kisha ukweli unagonga. Mtafiti mwingine, Judy Boychuk Duchscher, naye anaugawa mwaka mara tatu: miezi minne ya kwanza mtu yuko mbioni kutenda tu, minne ya kati anajiuliza yeye ni nani katika kazi hii, ya mwisho anaanza kujua. Sasa angalia mipango mingi inavyopangwa: msaada wote unarundikwa wiki nane za mwanzo, halafu kimya. Mtu anaachwa mwezi wa 5 au wa 6, wakati uleule anapozama. Hapo amejua kazi kiasi cha kuona makosa yake, na hajaijua kiasi cha kuyazuia.

Hapo ndipo mseto unashinda. Mpango wa Marekani wa Vizient (kampuni ya huduma za hospitali) na AACN (chama cha vyuo vya uuguzi) ni miezi 12, na kwa miaka mingi nesi alijaza dodoso la Casey-Fink mwanzoni, mwezi wa 6 na mwezi wa 12. Dodoso si siri kubwa. Linauliza kuhusu kujiamini, mzigo, msaada anaopata, na ni stadi zipi bado zinamtia hofu. Faida yake ni kwamba inchaji analazimika kuuliza.

Kwa gharama, wale wanaosema darasa la mwezi halibebeki: saa 4 mara watu 10 ni saa 40. Hazifiki hata zamu nne za saa 12. Masharti ni mawili. Lihesabiwe kama muda wa kazi, na lisiwekwe asubuhi mtu akitoka usiku. Darasa la saa mbili asubuhi baada ya zamu ya usiku ni adhabu, si mafunzo.

Mradi wa mwisho wa mwaka uwe mdogo hasa. "Kanula (mirija ya mshipani) zibandikwe tarehe" unatosha: hesabu leo wangapi wana tarehe, weka kalamu kwenye trei, hesabu tena baada ya wiki nne. Mtu akichagua "kupunguza maambukizi hospitalini" mkatalie.

Pasipoti_Mkononi

Nje ya mada kidogo, ila wengi humu wanawaza kusafiri. Mipango mingi ya Marekani humhesabu kuwa mgeni aliyehitimu karibuni na asiye na mwaka wa kazi. Ukifanya miaka mitatu Nairobi kisha upite NCLEX, mtihani wa leseni ya unesi wa Marekani, usitegemee kuingizwa huko. Utapewa maelekezo ya wiki chache kama mzoefu. England ni tofauti, ulezi wao unawagusa hata manesi waliosomea nchi nyingine. Na soma mkataba: hospitali nyingine za Marekani zinakufunga miaka miwili, ukiondoka mapema unalipa gharama ya mafunzo. Uliza kiasi na kama kinapungua kila mwezi unaotumikia, kabla ya kutia sahihi.

Rota_na_Chai

Asanteni. Nimechora hivi, nikosoeni. Makundi mawili ya watu 5, yakipishana wiki 6, ili wasiwe nje ya hesabu wote kwa pamoja. Wiki ya 1 na 2 hawana mgonjwa wao. Wiki ya 3 na 4 wagonjwa wawili au watatu. Wiki ya 5 hadi 8 nusu ya mzigo wa kawaida. Wiki ya 9 mzigo kamili, mlezi zamu hiyohiyo mpaka mwezi wa 4. Wodi moja miezi 8, kisha vituo viwili vya wiki 8, uzazi na watoto, ili hoja ya Sista_wa_Mashariki isipotee. Darasa kila mwezi, dodoso mwezi wa 1, 6 na 12.

Sista_wa_Mashariki

Vituo viwili vizuri, ila umevitupa mwishoni bila mlezi. Abaki na mlezi wake wa kwanza kwa kikao cha nusu saa kila wiki mbili hata akiwa wodi nyingine, ndiye anayejua udhaifu wake. Na ongeza mstari kwenye rota unaosema mlezi mwenyewe anapunguziwa wagonjwa wangapi. Sijauona.

Rota_na_Chai

Robo, wiki nne za kwanza?

Kanula_Kijani

Nusu kwa wiki mbili, kisha robo mpaka wiki ya 8. Na uandike kwa jina, "Mlezi: fulani, wagonjwa 4", kwenye ubao wa zamu. Ukiacha kwa maneno, saa tatu asubuhi watu wakipungua inchaji atamrudishia wote.