Mtangazaji wa kipindi cha rock, kama hujaisikiliza The Chemical Wedding usiichambue!

Wakuu, mods naomba uzi huu msiuhamishie kule kwenye udaku. Nimekereka kweli.

Juzi usiku nasikiliza kipindi cha rock kwenye redio moja ya hapa mjini (siitaji, wasikilizaji wake mnaijua). Mtu kaomba "Jerusalem" ya Bruce Dickinson, yule mwimbaji wa bendi ya metal Iron Maiden, kutoka albamu yake ya The Chemical Wedding. Nikaongeza sauti. Mtangazaji akacheka: "Leo tumeombwa kwaya!" Gitaa lile la taratibu likaanza, jamaa akaropoka juu yake mpaka Bruce alipoingia. Wimbo una zaidi ya dakika 6, yeye kaukata katikati akaweka tangazo la mikopo ya simu. Aliporudi ndipo akaharibu kabisa: eti Bruce "kajitungia maneno ya dini", na lile jini la kwenye kava la albamu limechorwa kutishia watoto.

Kajitungia? Maneno hayo shina lake ni shairi la William Blake, mshairi na mchoraji wa London aliyefariki 1827. Waingereza wanaliimba tangu 1916, Hubert Parry alipolitilia muziki, hata kwenye kriketi utalisikia. Bruce na Roy Z, mpiga gitaa na prodyuza wake, waliuweka kando muziki wa Parry, wakatunga wao upya, na mistari ya Bruce ikachomekwa humo. Hapo tu palitosha mazungumzo ya nusu saa!

Halafu hilo "jini". Ni mchoro wa Blake mwenyewe, wa mnamo 1819 hadi 1820, uko kwenye jumba la sanaa la Tate, London. Ni roho ya kiroboto. Blake alidai ilimtokea akiwa na rafiki yake John Varley, mnajimu, ikamwambia kuwa viroboto hukaliwa na roho za watu waliokuwa na kiu ya damu. Litazameni vizuri: misuli imetuna, ulimi nje, mkononi kibakuli. Dude zito namna ile, na mchoro wenyewe una kama sentimita 21 kwa 16 tu, ukubwa wa daftari la shule.

Kuna mchangiaji humu pia aliwahi kusema albamu ilikuwa ya kutafuta hela. Hivi mna akili? Ni 1998, Bruce yuko nje ya Iron Maiden tangu 1993, anatoa albamu yake ya tano ya peke yake, ndani yake wimbo wa dakika 8 wenye jina la Book of Thel, kitabu ambacho Blake alikichapa mwenyewe kwa bamba za shaba mwaka 1789. Nani anatafuta hela hivyo? Adrian Smith yuko kwenye gitaa pamoja na Roy Z, Arthur Brown, mwimbaji mkongwe wa rock wa Uingereza, kaletwa kusoma mashairi. Mwaka uliofuata Bruce na Adrian wakarudi Maiden, watu wakaisahau albamu hii.

Na korasi ya "Chemical Wedding" inarudi mwishoni mwa "The Alchemist", wimbo wa kufungia. Kuikatakata albamu hii ni sawa na kusoma utenzi kwa kurukaruka beti.

Nimetuma ujumbe kwenye namba ya kipindi, nikajibiwa kikatuni cha kucheka. Mwenye mawasiliano ya mkuu wa vipindi anicheki inbox. Na nyie wa "metal ni kelele", msikomenti kabla hamjasikiliza "Gates of Urizen" ya albamu hii mpaka mwisho.