Nimeuliza maji ya mto yataenda wapi, nimeambiwa nikaanike dagaa!

Mama Vichanja (Kigoma):
Wakuu, mikono inatetemeka. Nimetoka mkutanoni sasa hivi. Yule bwana mnamjua, wa miwani ya jua usiku na mchana, anayetembea na ramani kwapani utadhani Ziwa Tanganyika kalichimba yeye kwa jembe. Leo kaja na mchoro wa mto wetu. Kona zote zimekatwa: zege chini, zege kushoto, zege kulia, kutoka mlimani moja kwa moja hadi ziwani.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza kwa adabu, jamani, kwa adabu: mvua kubwa ikishuka, na ziwa nalo limejaa kama mwaka 2024, hayo maji yanayokuja mbio juu ya zege yatamwagikia wapi? Akavua miwani, ndiyo mara ya kwanza mtaa mzima kuyaona macho yake, akasema: "Mama, nenda kaanike dagaa. Mto tuachie wenye vyeti."

KAANIKE DAGAA! Mbele ya mwenyekiti! Mbele ya wakwe zangu! Ukumbi mzima ukacheka, hadi kichanga mgongoni kwa jirani.

Cheti sina, lakini maji yameshaingia kwangu sufuria zikaelea hadi sebuleni. Zamani mto ulikuwa na kona na matete, maji yanachelewa njiani, yanatanda kwenye uwanja wa bondeni, yanazama taratibu. Utanueni basi, kingo ziwe za udongo na miti, uwanja uwe wa mpira kiangazi na wa maji masika. Sheria ya Mazingira ya 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, mchoro wake una fremu za maduka mpaka mdomoni mwa mto! Nimefika kwenye neno "mita" tu, akarudia: "Dagaa, mama. Dagaa." Na mkono akanyoosha upande wa Kibirizi, kule tunakoanika dagaa, kana kwamba sipajui!

Mwisho wa Reli:
Huyo huyo! Kwetu alikuja kupima mtaro, akaondoka na kamba yetu ya kuanikia nguo. Mpaka leo.

Fundi Zege:
Mama, punguza jazba. Zege linaondosha maji haraka. Tatizo ni nyie mnaotupa pampasi mtaroni.

Mama Vichanja:
Yanaondoka haraka kwenda wapi? Kwangu! Halafu wewe ungeambiwa KAANIKE DAGAA mbele ya mama mkwe ungepunguza jazba?

Kijana wa Gungu:
Mama kauliza swali la kihandisi kabisa. Singapore walikuwa na mfereji wa zege wa mto Kallang pale Bishan. Wakauvunja, wakaurudishia kona na majani ndani ya bustani, kazi ikaisha 2012. Mvua ikizidi, maji yanapanda bustanini badala ya majumbani, watu wanatahadharishwa wasogee juu.

Fundi Zege:
Hamia Singapore.

Mnyamwezi Halisi (Tabora):
Samahani, nje ya mada kidogo. Mama, hao dagaa unauza? Maana wanaofika huku Tabora wana mchanga, nusu ya meno nimeyaacha kwenye sahani.

Mama Vichanja:
Mchanga si wangu! Mimi naanika kwenye vichanja, juu, na wavu safi. Wanaoanika chini ufukweni ndio wanatuharibia jina. Turudi kwenye mada, bwana yule kanidhalilisha.

Mwisho wa Reli:
Kweli, mkuu. Dagaa wa kichanja anang'aa, wa chini ana rangi ya vumbi. Angalia kabla hujalipa.

Fundi Zege:
Watu wa Tabora msitufundishe uaminifu. Asali yenu niliyonunua ilikuwa sukari guru na maji. Sisimizi wenyewe waliizunguka wakaondoka.

Mnyamwezi Halisi:
Nani kakuuzia? Kama ni yule wa stendi mwenye baiskeli nyekundu, huyo hata sisi katuliza. Asali halisi ya miombo haiuzwi kwenye chupa ya soda.

Fundi Zege:
Baiskeli nyekundu, ndiyo! Na kofia ya sufu juani!

Kijana wa Gungu:
Na mimi kaniuzia! Kaniapia mpaka kwa babu yake!